Saa ya Nesi wa Lugulu

Mimi napenda saa za zamani, zile unazozungusha kifundo kila asubuhi ndipo zitembee. Mfuko wangu hauzipendi. Ndiyo maana nilijifunza kuzitafuta pale watu hawaangalii: kwenye rundo la mikanda na miwani ya mitumba sokoni Kitale, kwa mafundi wenye makopo ya saa zilizokufa, Kachibora siku ya soko. Unaokota moja, unasugua kioo kwa dawa ya meno mpaka mikwaruzo itoke, unaiweka sikioni. Ikilia, mimi siku hiyo nimeshiba. Nina ndoto ya kibanda chenye kabati la kioo, mtu apite, asimame, atabasamu.

Mwenzangu katika haya alikuwa bakoki wangu wa Bungoma. Bakoki ni yule mliyetahiriwa naye msimu mmoja. Kwetu huyo si rafiki wa kuchagua. Watoto wake wataniita baba, na binti yake siwezi kumwoa hata dunia nzima ikose wanawake. Kumdanganya bakoki ni kitu hatukukatazwa, kwa sababu hakuna aliyefikiri kingefanyika. Kwa hivyo kila saa niliyoiona nilimwambia.

Nilimwambia pia ya mama wa Lugulu. Ni nesi mstaafu, tulikutana kwa fundi Bungoma akitafuta mkanda. Saa yake ni ndogo, ya chuma, ina mshale mwekundu wa sekunde. Kwa huo alihesabu mapigo ya moyo ya wagonjwa miaka yote ya kazi. Nilimpata mkanda Kitale, nikampelekea, na tangu hapo nikawa napita kwake kumsalimia. Halafu macho yake yakaanza kuona ukungu.

"Papa," akaniambia, maana akina mama wa kwetu ndivyo wanavyoita vijana wao, "nikimaliza kliniki ya macho, kuja uichukue. Lakini usiiuze. Ikae kwa mkono wa mtu."

Nilitoka pale natembea kama nimeajiriwa na serikali. Si saa peke yake. Ni kwamba mtu kama yule ameniangalia akaona naweza kuachiwa kitu. Nikampigia bakoki, nikamsimulia yote.

Wiki chache baadaye nilikuwa kwenye kibanda changu cha viatu, nikafungua kundi letu la WhatsApp la wapenda saa. Picha ya kwanza ilikuwa saa ya mama. Chini yake bakoki ameandika: "Nilipewa na nesi mzee anayenipenda kama mtoto wake. Imehesabu mioyo ya watu wengi." Hayo maneno ya mwisho ni yangu. Niliyasema kwa simu, akanicheka ati naongea kama mhubiri. Mtu wa Nairobi alikuwa ameshajibu kwamba ametuma pesa.

Nikampigia bakoki.

"Niaje, bakoki," akaitika.

"Ile saa."

"Ah, hiyo. Si nilikuwa pande hizo, nikaona nikusaidie."

"Kunisaidia nini?"

"Wewe ungeikalia tu, bana. Unafuga saa kama mtu anafuga paka. Tulia, nitakutafutia ingine."

Sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote. Nilingoja isikike kama ya mwizi. Haikusikika.

Jumapili nikaenda Lugulu. Mama alinishika mabega, akaniangalia juu mpaka chini.

"Umepona?"

"Kwani niliumwa, mama?"

"Si ndugu yako alisema malaria imekulaza, ukamtuma achukue saa. Alijua kila kitu, hata mkanda uliniletea. Ningemkatalia aje? Na ule unga wa wimbi nilikutumia, ulipikiwa uji?"

Nilitaka kusema ndiyo, uji ulikuwa mtamu. Lakini alikuwa ameshaugeuza mkono wangu, anaitafuta saa yake.

"Mama, sikuumwa. Sikumtuma. Ameiuza."

Akauachilia mkono polepole, akakaa.

"Nilimshika mikono yule kijana," alisema, "nikaomba Mungu akuponye. Akaitikia amina."

Ndipo akaniuliza, bila ukali, vile mtu anauliza njia:

"Sasa nitajuaje nani kati yenu ananiambia ukweli?"

Nilitafuta kitu cha kumwonyesha kwamba mimi si yeye. Tumetahiriwa msimu mmoja, tunazipenda saa zilezile, na maneno aliyomdanganyia yalikuwa yangu, nilimpa mimi mwenyewe nikicheka.

"Sijui, mama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akainuka akaenda kufungia kuku, ingawa jua lilikuwa bado juu.