Mikono kwenye Kabureta Yangu

Niseme mapema kwamba nina hasira za karibu. Mama mzazi alinionya, walimu wakanionya, na mwanamume mmoja aliyetaka kunioa alitoroka kwa sababu hiyo hiyo, na bado nazo ninazo. Kazi yangu ni kupandisha ng'ombe kwa mbegu za dume zilizogandishwa mtungini. Wakulima huniita daktari, ingawa si daktari. Ninakaa Pioneer, mtaa wa Eldoret, na wateja wangu wengi wako upande wa Moiben, kwa hiyo siku yangu ni barabara, matope na pikipiki ndogo iliyofungwa mtungi wa naitrojeni kwa nyuma.

Ile pikipiki ilikuwa nzuri mpaka wanaume walipoanza kuisaidia.

Mafundi wetu huita sailensi ule mngurumo mdogo wa injini iliyosimama, kabla hujaongeza mafuta. Kuna skrubu moja kando ya kabureta inayoupandisha na kuushusha. Mwanamume wa Eldoret akiona mwanamke amesimama kando ya pikipiki, hata kama anavaa gamboti tu, anatokea na bisibisi. Haulizi. Anachutama, anaizungusha ile skrubu, anasikiliza huku amefumba jicho moja, kisha anasema sasa iko sawa na kuondoka. Kesho yake anakuja mwingine, anauliza ni mjinga gani aliichezea hii, naye anaizungusha upande wa pili. Kuna aliyeivuta choki, ile ya kuongeza petroli wakati wa kuwasha, na kuifunga kwa raba ili baridi ya asubuhi isiisumbue injini. Nilitembea hivyo kutwa nzima bila kujua, nikinuka petroli, na plagi ikatoka nyeusi tititi.

Aliyeniudhi zaidi ni mwendesha boda wa steji iliyo karibu na geti letu. Kijiti cha meno hakimtoki mdomoni. Ananiita madam kwa sauti inayowafanya wenzake wacheke. Ile skrubu ameizungusha mara nyingi kuliko mimi mwenye pikipiki. Nilishamwambia mbele ya watu kwamba akiigusa tena nitamkata hicho kidole kwa wembe wa kazi.

Mwezi wa saba, mvua zikiwa zimekolea, pikipiki ikaanza kuzima kila ninaposimama. Fundi akafungua kabureta akakuta maji. Akayamwaga, akasema mvua inaingilia juu, kwenye kifuniko cha tanki, nikaangalie. Jioni hiyo nikajaza tanki, nikaangalia kifuniko, nikakuta katundu kadogo katikati. Nikasema kumbe ndiye mwizi. Nikakaziba kwa silikoni, nikapaka na pembeni ili nisijute. Wazo lilikuwa langu mwenyewe. Hakuna mwanamume aliyelitia mkono, na nililala nikijipongeza.

Asubuhi saa kumi na mbili simu ikalia. Alikuwa Mama mmoja mjane, mbele ya senta ya Moiben.

"Daktari, ng'ombe iko na heat tangu jana jioni," akasema. "Kuja mapema. Hii ndiyo ya mwisho."

Nilijua anachomaanisha. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, mweusi mwenye baka jeupe tumboni, na nilikuwa nimempandisha mara mbili akarudia mara mbili. Mwanawe aliye Nairobi alikuwa ameshasema: asiposhika mimba mara ya tatu, anauzwa kwa bucha. Mama aliyezoea kugawia majirani maziwa sasa alikuwa akiletewa kikombe na majirani hao hao, kama mgeni. Na ng'ombe hana subira. Akionekana na hilo joto la kutaka dume jioni, unampandisha asubuhi. Ukivuka saa sita, unaanza kubahatisha. Nilimwambia nitakuwa kwake saa mbili.

Nilivuka mji vizuri. Nilipoanza kuona mahindi pande zote mbili za barabara, injini ikakohoa, ikashuka, ikazima. Nikapiga kiki. Kimya. Nikavuta choki, ikashika, ikaenda hatua mia mbili hivi ikafa tena. Nikashuka nikitukana kila mkono uliowahi kugusa ile kabureta, nikianza na wa kijiti cha meno.

Vifaa ninavyo na kazi naijua, maana niliamua kujifunza ili nisimwombe mtu. Nikatoa plagi, nikaisugua, nikairudisha. Nusu saa imeisha. Ikawaka kwa kiki moja na sailensi ikatulia vizuri kabisa. Nikajisifu. Kilomita tatu baadaye ikafa. Nikarudisha ile skrubu nilipokuwa nimeipigia alama ya kucha, maana ilikuwa imehamishwa. Ikaenda, ikafa. Nikachomoa mpira wa mafuta, nikafungua kabureta pale kando ya mtaro, nikatoa jeti ndogo inayopitisha mafuta na kuizibua kwa uzi wa waya wa brashi. Ikaenda. Kila nilichogusa kilinipa matumaini ya kilomita tatu. Saa nne ikapita. Mama alipiga simu, nikamwambia niko njiani.

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye nyasi mbichi, mikono myeusi, wakati boda ilipopunguza mwendo nyuma yangu. Hata kabla sijageuka nilijua ni nani. Alikuwa amepeleka abiria huko mbele na sasa anarudi. Akasimama, akaitazama pikipiki, akanitazama na mimi.

"Madam, hebu fungua tanki kwanza," akasema.

Nikasikia damu ikipanda. Mimi ni mwanamke, basi lazima nimesahau mafuta. Hivyo ndivyo nilivyolisikia, na ningeapa kortini kwamba alikuwa akitabasamu.

"Tanki imejaa. Nimejaza jana."

"Sijasema haina mafuta. Nasema fungua tu kidogo, kwa sababu..."

Sikumwachia amalize hiyo sababu. Nilimwambia sababu ya shida zangu zote ni yeye na bisibisi yake, kwamba injini ilikuwa nzima mpaka alipoijua, na kwamba kama hana abiria aende akacheze drafti. Nilisema na mengine ambayo sitayaandika. Akakitoa kile kijiti mdomoni, mara ya kwanza kumwona bila hicho kitu, akasema basi nipande na mtungi wangu anipeleke, nitarudia pikipiki baadaye. Alisema kwa upole, na upole wake ukaniudhi kuliko kicheko. Kufika kwa mteja nikiwa nimebebwa nyuma ya huyo mtu, ili kesho steji nzima isimuliwe! Nikamwambia mtungi haubebwi na mtu yeyote. Akawasha, akaondoka.

Hasira hasara, tulikaririshwa shuleni hadi tukachoka. Mimi niliijua kama methali ya mtihani tu.

Kwa hizo kilomita tatu tatu, nilifika kwa Mama saa kumi kasorobo. Alikuwa amemfunga ng'ombe kwenye kijia cha mbao tangu asubuhi, amemwagia maji, amemsafisha mkia. Yule ng'ombe alikuwa akicheua. Hakuwa na wasiwasi wowote, hakulia, hakuwa akitafuta dume. Nilivaa glavu ndefu, nikaingiza mkono, na kabla ya kufika mbali nilijua. Mlango wa kizazi ulikuwa umeshaanza kukaza. Tulikuwa tumechelewa.

Ningesema hapo. Sentensi ilikuwa fupi: Mama, nimechelewa, tungoje siku ishirini na moja, na umwambie mwanao kosa ni langu. Lakini Mama alikuwa amesimama kichwani kwa ng'ombe, anampapasa uso, ananitazama mimi kwa yale macho ya mtu aliyengoja kutwa bila kulalamika. Nikayeyusha mrija wa mbegu, nikampandisha. Nikavua glavu na kusema tuombe Mungu. Akasema amina.

Nikirudi, injini ilizima kabla hata sijafika senta. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutaka kuipiga mateke. Na katika kuropoka peke yangu barabarani nikasema haya, nafungua hilo tanki, nione kama nimesahau mafuta. Nikazungusha ufunguo. Kifuniko kikanivuta mkono kama kimeng'ang'aniwa na mtu aliye ndani, kisha kikaachia kwa mfyonzo mrefu wa hewa. Petroli ilikuwa tele. Nikapiga kiki moja, ikawaka, sailensi laini, choki ndani, hakuna kukohoa. Tanki halikuwa na pa kuvutia hewa, kwa hiyo mafuta hayakushuka ila kidogo kidogo kila niliposimama kutengeneza. Nilikuwa nimeliziba pumzi kwa mkono wangu mwenyewe. Nikaing'oa ile silikoni kwa kucha hadi kidole kikatoka damu, nikafika Pioneer bila kuzima hata mara moja. Pale steji nilipita nikiangalia mbele.

Nilikasirika wiki tatu. Nilimkasirikia yule mwanamume kwa kunisumbua mara zote zile hadi siku aliyokuwa na neno la maana sikuwa na sikio la kulisikia. Bado naamini nina haki katika hilo. Lakini haki hiyo haikunisaidia kulala.

Siku ya ishirini na moja sikungoja simu. Nilienda mwenyewe, asubuhi, na nilishapanga maneno yangu. Nikakuta pikapu imerudishwa kinyumenyume hadi kwenye boma, na mwana wa Mama amekuja kutoka Nairobi na mtu wa bucha. Ng'ombe alikuwa amelia usiku kucha akitafuta dume. Joto lake lilionekana hata kutoka getini. Lilikuwa zuri, la wazi, la ng'ombe asiye na kasoro yoyote. Mtungi wangu ulikuwa nyuma ya pikipiki, umejaa.

Mwanawe alinisalimia kwa heshima. Akasema wamenisumbua sana, mara tatu, na barabara ile mbaya. Akasema mnyama akiwa tasa ni tasa. Mtu wa bucha akavuta kamba. Mama alikuja akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na akaniambia nisijilaumu.

"Wewe umefanya kazi yako, daktari," akasema. "Huyu ndiye alikataa."

Yale maneno niliyoyapanga yalikuwa mdomoni, yote. Ng'ombe alikuwa bado amesimama chini, kando ya pikapu.

"Ndiyo, Mama," nikasema, na wakampandisha kwenye gari.