Jiwe la Kutu Nililoliita Kimondo

Kosa langu la kwanza lilikuwa kulibatiza jiwe kabla sijalijua. Nililiokota shambani kwa mjomba, kaskazini mwa Iringa. Lilikuwa jeusi, zito kuliko umbo lake, na sumaku niliyoichomoa kwenye spika mbovu ililing'ang'ania. Kwetu Mbeya kila mtoto anakijua kimondo cha Mbozi, lile jiwe la chuma lililodondoka kutoka angani, basi nikaona nimempata mdogo wake. Niliandika lebo, nikaichana mara nne kwa sababu herufi hazikunyooka: "Kipande cha kimondo." Shule ya msingi ya jirani, hapa mtaani kwetu Soweto, ikaliweka kabatini, na wanafunzi wakaanza kuniita Profesa. Mimi, niliyeishia kidato cha nne na kujisomea miamba kwenye simu! Jina hilo nililipenda mno.

Mwaka uliofuata nilitaka kipande cha kukaa nacho chumbani. Nikaliazima, nikalipeleka Uyole kwa fundi anayekata marumaru za makaburi, nikamwambia limetoka angani. Mashine ilipopita akalimwagia maji, akacheka.

"Dogo, huko mbinguni wanasuka mikeka?"

Ndani kulikuwa na mistari myembamba, myekundu na ya kijivu, imelaliana. Nilihesabu hadi sitini nikaacha. Kimondo hakina mistari ya namna hiyo. Usiku huo nikapekua kwenye simu mpaka nikajua ni jiwe gani.

Ningeweza kunyamaza, lakini watoto walikuwa wanakariri uongo wangu. Nilimwambia mwalimu mkuu, nikitumaini ataibandua lebo kimyakimya. Akaurekebisha mtandio wake.

"Uliyewapotosha ni wewe, mwanangu. Utawarudisha wewe."

Nikasimama mbele ya darasa la sita. Nikawaambia nilikosea, jiwe halikudondoka kutoka juu. Lilizaliwa baharini.

"Bahari? Iringa?" Darasa zima likaangua kicheko.

"Profesa feki!" mvulana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

Niliendelea, maana kukimbia kungekuwa aibu ya pili. Zamani sana, nikasema, chuma kilikuwa kimeyeyuka majini kama chumvi. Vijidudu visivyoonekana kwa macho vikaanza kutoa oksijeni. Chuma kikashika kutu, kikazama. Tabaka la kutu, tabaka la tope laini, tena la kutu, kwa miaka isiyohesabika, mpaka vyote vikagandamizwa kuwa mwamba na bahari ikaondoka.

Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Kumbe kutu ilikuwepo kabla ya mabati?"

"Kabla ya chochote chenye macho."

Kicheko kikakatika. Wakalipitisha jiwe mkono kwa mkono, wakiifuata mistari kwa kucha, na yule wa nyuma akalishikilia kupita zamu yake. Nikawatazama nikijiuliza niliwezaje kuliona dogo kuliko kimondo. Viumbe vidogo vile vilipumua tu, na bahari nzima ikageuka rangi.

Hakuna aliyeniita Profesa tena. Bado naogopa sana kukosea, ila siku hizi nikiulizwa nisichokijua, nasema sijui.