Shamba la Kaka, Mikorosho ya Dada

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka kila mwaka mabibo ya mikorosho yanapoanza kunukia. Nilikuwa kijana wa kutembea kifua mbele, sijaoa, nina akiba yangu ya biashara ya mkaa, na nimependa kipande cha ardhi kama mtu anavyopenda mke wa watu. Sili nikashiba, silali nikapumzika.

Nakuandikia haya kwa sababu umenitumia picha kwenye simu. Umeniambia dalali amekuonyesha ardhi huku kwetu Kisarawe, ukingoni mwa msitu, ina kijito na mbega wanaruka juu ya miti, na kwamba hiyo ni ardhi safi, haina mtu, utajenga vibanda na watalii watakuja wenyewe. Ukaniuliza, baba mdogo, ninunue au niache? Nitakujibu. Lakini unanijua, sijawahi kufika mahali kwa njia ya mkato, na shule yangu ilikuwa fupi, kwa hiyo mwandiko uuvumilie.

Ardhi niliyoipenda mimi ilikuwa ya Mzee Kondo, njia ya kwenda Maneromango, unaacha barabara unaingia ndani. Nilifikishwa pale na Mzungu mmoja mtazama ndege niliyekuwa nambebea mizigo. Mtu yule alikuwa na miguu mirefu kama korongo na hakuwa akichoka, mimi ndiye niliyechoka. Tulipotokeza juu ya kilima akasimama. Bonde lote lilikuwa chini yetu, msitu umejikunja kijani juu ya kijani, hondohondo wanaitana, ukungu haujaondoka vizuri. Akavua kofia. Halafu akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba siku moja watu watatoka mbali kuja kuona hapa. Mwanangu, maneno yale yaliniharibu. Yeye alirudi kwao, mimi nikabaki na kilima kichwani.

Mzee Kondo hakuwa mgumu. Alikuwa mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Akaniambia ardhi ataniuzia, hana wa kuilima, ila mikorosho iliyo pale juu si yake.

Wewe umezaliwa Dar, huenda hili hulijui. Huku pwani ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja na miti iliyosimama juu yake ikawa ya mwingine, na kila mmoja ana haki yake kamili. Mikorosho ile baba yao alimpa dada yake Mzee Kondo, Bi Tatu, siku alipoolewa kwenda Ruvu, kule mbele ya Mlandizi. Ardhi alibaki nayo kaka. Na mikorosho yenyewe ilisimama pale pale kilimani, inaziba bonde lote. Mimi nilishapanga mabanda yangu yakae hapo, na wageni wakifungua dirisha asubuhi waone msitu bila kizuizi. Kwa hiyo lazima miti iondoke. Nikamwambia mzee azungumze na dada yake. Akakohoa, akasema, "Nenda mwenyewe. Mimi nikimwambia ataniuliza nina njaa gani."

Nikadandia lori la mkaa kwa njia ya Mzenga. Lile lori lilipasuka tairi, tukakaa njiani mpaka dereva akaanza kutuuzia hadithi za wake zake, lakini hayo tuyaache. Nilimkuta Bi Tatu shambani kwake karibu na mto, mpunga umeanza kuiva, yupo juu ya kilingo anafukuza ndege kwa kugonga debe. Mama mtu mzima, mwembamba, kanga kiunoni, sauti ya kumfikia mtu wa ng'ambo ya pili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Umechelewa hivyo, nilishakata tamaa ya kuolewa tena."

Nikacheka, nikajieleza. Nilimweleza vizuri kabisa, mpaka madirisha ya mabanda nilimweleza. Nikamwambia mikorosho imezeeka, nitamlipa kila shina, hatahangaika tena na safari za kila mwaka katika umri ule. Hakukasirika. Aligonga debe lake, ndege wakaruka, wakatua palepale.

"Mikorosho yangu umeiona ikiwa na mabibo?"

Nikasema sijaiona.

"Basi hujaiona. Njoo mabibo yakiiva, tuokote wote. Ukimaliza kuokota, uniulize tena."

Nilirudi nimenuna. Nilijua ni ukaidi wa kizee, nikasema nitasubiri, msimu hauko mbali. Miezi ile nilikuwa napita pale kilimani kila nikipata nafasi, nahesabu mabanda hewani.

Msimu ulipofika akaja kweli, na kapu na sufuria. Akafikia kwa kaka yake, asubuhi tukapanda. Sasa mwanangu, kuokota korosho ni kazi ya kuinama, hakuna njia nyingine. Unaokota bibo lililoanguka, unanyonga korosho, bibo unatupa kapu lingine, na utomvu ukikugusa shati hilo shati halitakuwa jipya tena. Bi Tatu hakunyamaza hata dakika moja. Kila mti alikuwa na habari yake. Huu ndio mama yake alikaa chini yake siku kaka yao mkubwa alipozikwa. Huu ndio uliomwangusha Kondo akavunjika mkono, na ndiyo maana mpaka leo anakula vibaya, nimtazame akila. Hapa walikuwa wanacheza wasichana peke yao, wavulana walikuwa wakifukuzwa kwa mabibo mabovu. Alikuwa anatembea pale kama mtu aliyerudishiwa miguu. Kule Ruvu nilimwona mzee. Pale sikumwona mzee.

Jua lilipokuwa kali tukakaa. Akawasha moto, akaweka kipande cha bati, akamwaga korosho. Zile zikishika moto zinalipuka na moshi wake unauma macho, kwa hiyo tulikaa upande wa upepo tukisubiri. Bonde lilikuwa mbele yetu, tunaliona kwa vipande kati ya matawi. Nikaona ndio wakati, nikamuuliza tena, bei gani.

Akachokoa zile korosho kwa kijiti. Halafu akaniambia mambo ambayo nadhani hakuwahi kumwambia hata kaka yake. Kwamba alipoolewa alikuwa msichana mdogo, na kule alikopelekwa hakujua mtu. Ni tambarare, maji na mbu, ukiinua macho hakuna kilima hata kimoja. Mume hakuwa mbaya, lakini hakupenda mke wa kwenda kwao. Mke akitaka kwenda kwao kusalimia anaambiwa subiri, akitaka kwenda kwenye msiba anaambiwa si msiba wake. Baba yake aliliona hilo tangu siku ya posa.

"Baba hakunipa korosho, mume wangu. Mara ngapi nimeuza kapu halikurudisha nauli. Alinipa sababu. Mwanamume atamkataza mke kwenda kutembea, lakini hawezi kumkataza kwenda kuvuna mali yake. Miaka yote hii, mabibo yakiiva mimi narudi nyumbani, na hakuna wa kuniuliza naenda wapi."

Nikasukuma kijiti motoni.

"Wewe kata tu, ukitaka. Mimi nitakuja huku kufanya nini?"

Hakulisema kwa kunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Alimenya korosho moja ya moto, akaipuliza, akanipa.

Wiki hiyo tukakaa kwa Mzee Kondo, akaitwa mwenyekiti wa kijiji na majirani wa mipakani, ikasemwa mbele ya wote kwamba ardhi ni ya Shabani, yaani mimi, na mikorosho ni ya Bi Tatu mpaka mwisho wa uhai wake, na njia yake haifungwi. Wenzangu wa mkaa walinicheka sana. Walisema nimenunua meza, vyombo nimewaachia wenyewe.

Nikajenga mabanda pembeni, chini ya mteremko, yanaona bonde nusu. Wageni walikuja, si wengi, lakini walikuja. Wengine walikuwa wa kutoka Dar tu, wanataka kulala mahali pasipo na honi. Na nikuambie kweli, waliokuja msimu wa korosho walilisahau bonde lote, wakakaa na Bi Tatu kwenye moshi wakipuliza vidole. Bi Tatu kila mwanamume alimwita mume wangu, mpaka Mjerumani mmoja mnene akawa haelewi mkewe anacheka nini. Mke wangu mimi, mama watoto, alikuwa anaanza kusafisha chumba cha Bi Tatu kabla hajatumwa mtu kusema anakuja.

Halafu mwaka mmoja mabibo yakaanguka, akatuma salamu kwamba miguu imekataa. Mwaka uliofuata hakukuwa na salamu. Tulikwenda Ruvu kuzika. Alizikwa kule kwenye tambarare, karibu na mto, kwa kuwa ndiko walikokuwa wanawe.

Kwa makubaliano, miti ilishakuwa yangu. Lakini nikamtumia habari binti yake, nikamwambia mabibo yameiva, njoo. Alikuja na bodaboda, dada mzuri mwenye heshima, akaniamkia vizuri. Akatembea kidogo kati ya miti, simu mkononi, anatafuta mtandao. Nikamwonyesha, huu ndio uliomwangusha mjomba wako Kondo. Akatabasamu. Akaniambia, baba, ahsante, lakini mimi huku sipajui, chukua tu. Mchana hata haujaingia akaondoka. Simlaumu, yeye kwao ni Ruvu.

Basi ndivyo nilivyopata kilima chote, mwanangu, ardhi na kilichosimama juu yake. Ninaweza kukata leo nikaona bonde mpaka mwisho. Msimu ukifika naokota mwenyewe, na bati nawasha, na najikuta nimekaa upande wa upepo nikiacha nafasi ya mtu wa pili. Nimewahi kufikiri kwamba nilinunua pale kwa uzuri wake. Uzuri upo, mbega wapo, hondohondo wanaitana kama zamani. Anayepatamani ndiye hayupo.

Sasa jibu lako. Nunua, sikukatazi. Usipochukua wewe atachukua mwingine ambaye hatauliza chochote. Ila dalali akikuambia ardhi haina mtu, usibishane naye, ondoka uende kwa wazee wa pale. Usiwaulize tu nani anaishi hapa. Waulize nani amezaliwa hapa akapelekwa mbali. Mara nyingi ni mwanamke, shangazi au dada wa muuzaji, kaolewa wilaya nyingine, na kaka zake wanauza wakijua hatasikia mpaka mambo yameisha. Mtafute huyo. Panda gari umfuate, hata kama karatasi zako zote zina mihuri. Muulize anakuja huku kwa ajili ya nini, na akikujibu usikie mpaka mwisho. Kisha mwachie mlango wake, uwe mti, uwe kaburi, uwe njia ya kwenda kijitoni. Hutapungukiwa na kitu. Na mwite aje angali na miguu.

Mwenyezi Mungu akujalie mahali utakapopapenda, akuepushe na kupapata kwa machozi ya mtu. Akupe wageni wanaoaga kwa shida, na majirani wanaokuulizia ukichelewa kurudi. Na binti zako, popote watakapoolewa, awape sababu ya kuja nyumbani.