Popi na Kuku wa Mama Rasoa

Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo, mwanangu, na siku ya tano, ile ninayotaka kukusimulia, jua lilitoka asubuhi nami nikatoka nalo kuanika mahindi. Naikumbuka siku hiyo kuliko hata siku ya harusi yangu. Mume wangu akinisikia nikisema hivyo hununa kidogo, lakini ndio ukweli. Nilikuwa nimeolewa miezi minane tu hapa Chekalini. Nilitoka kwetu Mayoni, kwenye miwa, nikaja huku kwenye mahindi nikiwa na cheti cha ushonaji na kichwa kigumu, najiona ninajua kila kitu.

Mama mkwe wangu aliitwa Rasoa. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti, wala hakuwa na haraka na jambo lolote. Mwezi wa kwanza tu wa ndoa yangu aliniita uwanjani akanionyesha kuku wake saba na jogoo mmoja wa baba mkwe, akaniambia kuanzia leo hawa ni wako kuwatunza. Wanne kati yao walikuwa wametengwa. Wazazi wangu walikuwa hawajawahi kufika Chekalini, na siku wangekuja, hao wanne ndio wangechinjwa. Wewe unajua kwetu mgeni wa heshima hapewi maharagwe. Mkwe akija ni ingokho, kuku mzima, na vipande vyake vyote viwepo mezani.

Sasa nikwambie jinsi nilivyowatunza, na naomba usinicheke sana.

Banda lao lilikuwa chini kabisa ya boma, mahali ambapo maji yote ya paa na ya uwanja yalipita yakienda kwenye shamba. Mvua ikinyesha, ule ua wao mdogo uligeuka tope zito, jeusi, linalonuka mpaka jikoni. Mayai yalitoka machafu. Kuku walitembea wakiinua miguu juu juu, na tope likiwakaukia vidoleni lilikuwa madonge magumu ya udongo. Mama Rasoa aliniambia mara moja tu, "Mwana wanje, hapo kwa kuku panataka mtaro." Mwana wanje ni mwanangu kwa lugha yetu, na yeye hakuniita vinginevyo. Nikajibu ndiyo mama, nikaendelea na mambo yangu. Ile harufu ikizidi nilichokifanya ni kuwafungulia mlango watoke wenyewe wakatafute pakavu.

Na pakavu palikuwa wapi? Pale pale nilipoanika mahindi. Basi nikawa na vita kila siku. Nikikaa kwenye kigoda changu nikipukuchua, kuku hao kwenye turubai. Niinuke, niwafukuze, nikae, warudi. Nilichoka, mwanangu. Ndipo nikamwona Popi.

Popi alikuwa mbwa wa mume wangu, Wekesa. Alimlea tangu akiwa mtoto wa mbwa wa kubebwa mkononi, na mbwa huyo alikuwa mtulivu hata vifaranga vilipanda mgongoni mwake akiwa amelala. Siku moja, kwa uvivu tu, nikampigia mluzi nikamwambia, "Popi, shika hao!" Akaenda mbio, kuku wakatawanyika wakipiga kelele, nami nikacheka mpaka machozi. Nikampa kipande cha ugali. Kesho yake nikarudia. Baada ya wiki mbili sikuhitaji hata kusema, nilinyoosha kidole tu. Na siku tulipomchinjia mchungaji kuku wa kununuliwa sokoni, nilimrushia Popi kichwa, miguu na matumbo mabichi palepale uwanjani, manyoya yakiwa bado yanapepea. Niliona ni kuokoa kazi ya kuchimba shimo.

Siku ile ya jua, basi, ilikuwa Alhamisi. Wazazi wangu walikuwa waje Jumamosi. Nilitandaza turubai, nikamwaga mahindi, nikawafungulia kuku kama kawaida, nikachukua mtungi kwenda kisimani. Popi nilimwacha amekaa kando ya turubai. Kisimani nilimkuta jirani, tukaongea. Mimi huongea, wewe unanijua.

Niliporudi mahindi yalikuwa yamesambaa hadi kwenye nyasi. Nikasikia kimya ambacho si cha uwanja wenye kuku. Nikateremka mpaka bandani. Kwa zile alama za miguu kwenye tope niliona yote yaliyotokea. Kuku walikuwa wamekuja kwenye mahindi, Popi akafanya kazi niliyomfundisha, wao wakakimbilia kwao. Kuku wa miguu mikavu angeruka juu ya banda akamtukana mbwa kutoka huko. Hawa wangu walikuwa na madonge vidoleni na tope hadi magotini. Walizama. Wanne walikuwa wamelala pale, mabawa yamefunguka, na watatu wamejibanza ndani ya banda na jogoo wakitetemeka.

Na Popi, mwanangu! Popi alikuja kwangu akitikisa mkia, mdomo umejaa manyoya, akakaa mbele yangu na kuniangalia mikono. Alikuwa anataka ugali wake.

Nilipiga yowe. Wekesa akaja mbio kutoka shambani, nyuma yake baba mkwe, ambaye sote tulimwita Mzee. Na hapa ndipo pananichoma mpaka leo, kwa sababu hakuna aliyeniuliza chochote. Nilianza mwenyewe. Nikasema, "Huyu mbwa ni mwuaji! Sijui ni pepo gani limemwingia, ametoka tu hivi akawarukia!" Nikalia, tena kilio cha kweli, maana niliwaona wazazi wangu wakiwekewa sukuma wiki.

Mzee aliwatazama wale kuku, akamtazama mbwa. "Mbwa akishaonja kuku hafai nyumbani," akasema. "Wekesa, tafuta kamba. Mpeleke huko mtoni ummalize."

 Wekesa alienda akachukua kamba ya ng'ombe, akamfunga Popi shingoni, na mbwa mjinga yule akafurahi akidhani wanakwenda matembezi. Niliona mikono ya mume wangu ikihangaika na lile fundo.  Nilijitia sioni nikaingia jikoni.

Mama Rasoa alikuwa ndani, ameketi karibu na mafiga akichambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Mwana wanje," akasema, "mimi nikikaa hapa naonanga uwanja wote."

Nikasimama palepale mlangoni, naye akaendelea.

"Na naskianga pia. Popi shika, Popi shika. Kila siku naskianga."

"Mama," nikamwambia, "utawaambia?"

"Mimi niwaambie nini? Si mimi nilimtuma." Akaendelea kuchambua. Kisha akasema polepole, "Lakini mtoni si mbali. Wakishafika, hata ukisema haitasaidia."

Hilo tu. Hakunifokea, hakuniita mwongo. Ningependa angenifokea.

Sasa wewe wa siku hizi unapiga picha umemkumbatia baba mkwe, huwezi kujua jambo hilo lilikuwa zito kiasi gani. Kwetu mke wa mtoto hakumkaribia baba mkwe. Hukumpa mkono, hukukaa alipokaa, ukikutana naye njiani ulipinda pembeni ukainamisha kichwa. Kwa miezi minane nilikuwa sijamwambia mzee yule neno zaidi ya salamu, tena nikiwa nyuma ya mlango. Na neno langu la kwanza liwe kwamba nimesema uongo mbele yake?

Nilipiga moyo konde nikatoka. Wekesa na Mzee walikuwa wameshapita lango. Nikakimbia na tope langu miguuni, nikasimama mbali kama inavyotakiwa, macho chini, nikasema kwa nguvu ili nisirudie mara mbili. "Baba, mbwa hana makosa. Ni mimi nilikuwanga namwambia afukuze kuku kwa mahindi. Na matumbo ya kuku pia ni mimi nilimpatia. Na ule mtaro Mama aliniambia nichimbe, sikuchimba."

Wakasimama. Niliona miguu yao tu, mabuti ya Mzee na miguu mitupu ya Wekesa, na ile minne ya Popi katikati. 

Halafu Mzee akakohoa. "Wekesa," akasema, "rudisha mbwa, umfunge kwa nguzo ya ghala mpaka afundishwe upya." Akanipita kwa mbali, akaongeza bila kunitazama, "Na huyu mtoto mpatie jembe."

Nililichukua lile jembe kwa furaha ambayo siwezi kukueleza. Wekesa hakunisemesha mpaka jioni, na nilistahili. Lakini alikuja na sururu tukachimba pamoja, na Mama Rasoa akatuelekeza akiwa amesimama na fimbo yake. Mtaro alitaka upite upande wa juu wa banda, ili maji yageuzwe kabla hayajafika, kwa kuwa ukichimba chini unasaidia maji yatoke tu huku tope limeshakaa. Lile tope bovu tulilikwangua lote tukalimwaga kwenye migomba. Tukamwaga changarawe mlangoni, pale kuku wanapokanyaga zaidi. Humo ndani tukatandaza magunzi na mabua makavu yaliyokatwakatwa, na majivu ya jikoni juu yake. Kila mvua ilipolowesha tuliongeza makavu. Baadaye Wekesa aliugawa ua sehemu mbili, kuku wakae hapa mwezi huu na mwezi ujao kule, ardhi ipate kupumzika na nyasi ziote tena.

Kuku wale watatu tuliwashika mmoja mmoja, tukawalowesha miguu kwa maji ya uvuguvugu mpaka madonge yakatoka yenyewe. Usiyabandue makavu, mwanangu, utang'oa na kucha.

Jumamosi wazazi wangu walifika. Mzee alikuwa amechinja jogoo wake mwenyewe, yule mwekundu ambaye alikuwa akimjivunia kanisani kwa watu. Hakusema neno kuhusu kuku wanne. Mama yangu alitembezwa bomani, akaona ule mtaro mpya akauliza ni fundi gani aliyechimba vizuri hivyo. Mama Rasoa akamjibu, "Ni binti yako." Nilikuwa nimebeba sinia, nikageuka machozi yangu yasionekane.

Popi hakufundishika kwa siku moja. Miezi mitatu nilimtembeza kwa kamba karibu na ua wa kuku, kwanza mbali, kisha karibu, baada ya kumshibisha. Akikodoa macho nilimgeuza tukaondoka. Akilala chini bila kujali, alipata ugali. Chakula chake kilihamia nyuma ya ghala, cha kupikwa, na matumbo yote ya kuku yalizikwa. Waya wa ua wa kuku tuliuchimbia chini futi moja na kuulazia mawe, kwa kuwa mbwa huchimba. Na mpaka anakufa uzeeni, Popi hakuachwa peke yake na kuku mlango ukiwa wazi, ingawa mwisho alikuwa akiwafukuzia nguchiro na nilimwamini. Kumwamini mbwa ni jambo jema, mlango nao una komeo lake.

Miaka mingi baadaye, Mama Rasoa akiwa ameshindwa kutoka kitandani, nilikuwa nikimwogesha nikamwuliza jambo lililonikaa rohoni. Kwa nini siku ile hakusema mwenyewe? Popi alikuwa anakwenda kufa, na yeye alijua yote.

Alifumba macho nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Ningesema mimi, mbwa angepona, na wewe ungekuwa mwongo kwa hii boma mpaka leo. Nilitaka mpone wote wawili." Akanyoosha mkono nimfute. "Lakini nilikuwa nimeshavaa viatu. Ungechelewa kidogo tu, ningetoka."

Nikawaza jinsi alivyokuwa akichambua zile mboga polepole, akiwa na viatu miguuni jikoni kwake, na sikuwa nimeviona. Ahsante sikuweza kuisema. Nilimaliza kumwogesha, nikampaka mafuta, nikambusu mikono yote miwili.

Kwa hiyo nakusihi, mwanangu, wewe unayejenga banda nyuma ya nyumba yako huko mjini na kununua mbwa mkubwa wa kulinda geti. Yageuze maji kabla hayajafika kwa kuku, na utandike makavu kabla hujanusa harufu. Usicheke mbwa anapowakimbiza, hata mara moja, hata akiwa mdogo wa kupendeza. Mfundishe ukiwa naye, na ukiondoka funga. Na siku utakapowakuta kuku wako wamelala kwenye tope, kabla hujamnyooshea mbwa kidole, kaa chini ujiulize alijifunzia wapi. Ukijua ni kwako, toka ukaseme, wala usingoje akaburutwe hadi mtoni.

Mungu aulinde uwanja wako na vyote vinavyokanyaga humo. Akupe mvua na mahali pa kuipitisha. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akuwekee karibu mtu aliyekwisha kuvaa viatu, lakini anayekusubiri wewe utoke kwanza.