Kibao Kikubwa Kuliko cha Alanusi

Nakumbuka mchana ule, mwanangu, kibao kiliposimikwa kwa jirani yangu Alanusi, ugali ukanikwama kooni kama nimemeza kinu.

Alanusi alikuwa na pango kwenye kilima chake. Wazee wetu walijificha humo wakati wa vita vya zamani, hilo kila mtu huku Umatengoni analijua. Basi akaja kijana mmoja wa mambo ya kale, mpole, ana daftari. Akapiga picha, akaondoka, akarudi na kibao cha bati: hapa ni mahali pa taifa, pasiharibiwe. Mimi kusoma sijui, lakini ile rangi nyeupe niliiona hata nikiwa nimelala, macho nimefumba.

Raha ikaniisha. Wageni wakaja na magari, watoto wa shule wakaja kwa mistari. Hata akina mama wanaoleta usipa, wale dagaa wa ziwani, kutoka Mbaha wakawa wanatua ndoo pale kwanza: "Shikamoo mzee wa pango." Mzee! Tumezaliwa msimu mmoja wa kahawa, tena meno nilitangulia kuota mimi. Akiwa na wageni wake kule juu ananipungia mkono, mimi nasema huyu ananiringia. Nilikonda, mwanangu, mkanda ukanizunguka mara nne.

Yule kijana alipopita tena nikamvuta shati. Nikampeleka kwenye ngolo zetu, yale mashimo tunayochimba mteremkoni, yamepangana kama sega la nyuki, ili mvua isisombe udongo. Nikamwambia haya alichimba babu wa babu yangu, jitu refu, akikohoa hapa, kule Litembo wanafunga madirisha. Tangu azikwe hakuna mkono ulioyagusa. Kijana aliandika mpaka kalamu ikapata moto. Mwezi haukuisha nikapata kibao changu, kikubwa kuliko cha Alanusi, na nguzo nne za saruji kuzunguka shamba.

Siku hiyo nilikula ugali wa watu watatu. Nikawa natoka nje kila saa kuchungulia kama Alanusi anaumia. Haumii. Alikuja akanipa mkono wa pongezi, na hilo ndilo likaniuma zaidi.

Ikaja Machi, wakati wa maharage. Kwetu mwanaume anafyeka majani na kuyalaza kwa miraba, mwanamke ndiye anachimba na kuyafukia. Mke wangu Winfrida akatoka na jembe begani. Mgambo wa kijiji akamzuia, kibao kinakataza jembe. Winfrida akageuka akaniangalia. Mimi nikaangalia mawingu.

Nikamwambia tulia mama, watu watakuja kutuona.

"Hao watu tutawachemsha na chumvi?" akaniuliza.

Sasa ngolo haikai bila jembe, mwanangu. Mvua ikapiga, kingo zikakatika, udongo mweusi ukateremka mpaka mtoni. Nikasimama chini ya kibao changu naangalia shamba linaondoka. Na aliyempa Winfrida kipande cha kulima, pale chini ya pango, ni Alanusi. Tukala maharage yake. Kila punje ilinitazama usoni.

Kijana akarudi na mkubwa wake kuja kuona ngolo za babu wa babu. Watu wakajaa, Alanusi naye yupo. Winfrida akapita katikati yao, akalisimamisha jembe lake chini.

"Hizi nilichimba mimi, mwaka juzi, na jembe hili hapa," akasema. "Kabla yangu alichimba mama mkwe. Huyo babu alikata majani tu. Kama mnataka kutunza kitu, uzungushieni nguzo mgongo wangu."

Mkubwa akaniuliza kama ni kweli. Mwanangu, nilitafuta uongo mwingine, siku hiyo mfuko ulikuwa mtupu. Nikasema ni kweli, nilimwonea Alanusi wivu, hata mkono akinipungia naumwa.

Alanusi akanishangaa. "Nilikuwa nakuita," akasema. "Mimi kuongea na wageni siwezi, wewe ndiye mwenye mdomo. Na kahawa zangu wanazikojolea kila siku, hakuna wa kuwakemea."

Nilitamani lile pango linifunike.

Kibao wakakichukua. Nguzo wakang'oa tatu, moja ikawashinda, na mpaka leo Winfrida ananolea jembe hapo. Mimi nikapanda kwa Alanusi kuwasimulia wageni, naye anakaa pembeni, nikizidisha ananikoholea.

Basi sikia, mwanangu. Mahali pa taifa patunze, usichonge jina lako pangoni, usipabandikie uongo, maana uongo ukigunduliwa watu wanaanza kushuku na yale ya kweli. Kabla hujajisifia shamba, muulize mwenye jembe. Na jirani yako akipata kibao, nenda kampongeze siku hiyo hiyo, ukichelewa hata salamu yake utaiona tusi.

Mungu akupe mvua inayotulia shimoni isikimbilie mtoni. Na jirani akikupungia mkono, Mungu akupe miguu ya kumwendea.