Ndege Mmoja, Mbuzi Watatu, na Mimi Ndani ya Mabua

Wasomaji wapendwa, kwanza naomba mnivumilie kwa mwandiko huu. Niliishia darasa la saba, na tangu nitoke shule kalamu naishika mara chache, kwa hivyo herufi zangu zimelala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na ukurasa mmoja unanichukua jioni nzima. Pale nitakapokosea maneno msinicheke sana, mtapata ya kucheka huko mbele. Mimi ni mtu wa haya. Aibu hii nimeibeba mwaka wa tatu sasa, na kilichonichosha zaidi ni kuisikia ikisimuliwa na watu ambao hawakuwepo, kila mmoja akiongeza lake (juzi sokoni Kwa Vonza nilisikia eti nilianguka kutoka juu ya mti), nikaona afadhali niiseme mwenyewe. Majina nimebadilisha. Mbuzi ndiye yule yule.

Sisi kwetu tunatazama ndege. Najua watu wengi Ukambani hutazama ndege wakati wa kumfukuza kwenye mtama, lakini Baba yangu alifanya kazi miaka mingi na mtafiti mmoja wa ndege, akimbebea vyombo porini, na yule mtu alipoondoka alimwachia darubini na kamera kuukuu. Tangu hapo nyumba yetu ikawa na daftari. Ndege yeyote anayetua kwetu, awe kwa mbaazi, kwa paa la jikoni au kwa zizi, anaandikwa: jina, siku, alikuwa akifanya nini. Hata Mama, ambaye mwanzoni alisema ni wazimu, siku hizi huacha ugali jikoni akaja mbio kusema ameona kigogota. Sheria ya Baba ni moja na haina huruma. Ndege haandikwi mpaka aonwe na watu wawili, au apigwe picha. Ukimwona peke yako, hujamwona.

Kulikuwa na mstari mmoja kwenye daftari ambao ulikuwa na jina tu, kwa penseli. Ni kwezi mmoja mwenye mkia mrefu, mgongo wa buluu inayong'aa na tumbo la manjano kama ua la malenge. Baba alikuwa amemwona mara mbili akiwa kazini, mbali huko upande wa Tseikuru, lakini nyumbani kamwe. Akaandika jina lake na kuacha nafasi. Nilikuwa nikiiona ile nafasi kila nilipofungua daftari, na nilitaka sana kuijaza mimi, kwa sababu sijui kuongea mbele ya watu, sijui kuimba, kitu pekee ninachojua ni kukaa kimya mahali pamoja muda mrefu. Kwa kazi ya ndege hiyo ni akili. Kwa kazi nyingine zote ni ujinga.

Basi nilijijengea kibanda cha mabua ya mahindi na magunia, karibu na lango, mbele yake nikaweka karai la maji. Kwa nje kilionekana kama rundo la mabua ya kulisha ng'ombe. Ndani unakaa umekunja magoti mpaka miguu inakufa ganzi, siafu wanakupanda, jasho linaingia machoni, na ndege wanakuja kunywa bila kujua uko.

Sasa siku yenyewe. Dada yangu Mwikali alikuwa ameposwa na mwalimu mmoja kutoka Mbooni, jina lake Muthama, na siku hiyo watu wake walikuwa waje kuleta mbuzi watatu wa ntheo. Kwa asiyejua mila zetu, bila wale mbuzi hata mkae miaka ishirini mna watoto kumi, wazee watasema bado hamjaoana. Mbuzi mmoja huchinjwa siku hiyo hiyo na pande zote mbili zikamla pamoja, na hapo ndipo mnakuwa athoni, yaani wakwe, watu wa kuheshimiana mpaka kuogopana. Mwikali alikuwa ameisubiri hiyo siku mwaka mzima, maana ilishaahirishwa mara mbili, mara ya kwanza kwa ukame, mara ya pili kwa msiba wao.

Kazi yangu ilikuwa kupiga picha. Filamu ilikuwa na nafasi tano zilizobaki. Asubuhi dada alinishika mkono.

"Syombua, nne ni zangu. Nikiletewa picha ya njiwa badala ya wakwe zangu, nitakukata hayo masikio."

"Nne zako," nikasema. "Na ya tano?"

"Ya tano peleka mahali unapotaka."

Hapo ndipo nilipopotea. Wageni walitarajiwa baada ya chakula cha mchana, ilikuwa saa nne tu, vyombo nilikuwa nimeshaosha, na nikajiambia nitaingia kibandani kidogo tu nitumie ile moja yangu. Sikumwambia mtu. (Ningemwambia angenituma kuni.)

Sijakaa nusu saa nikasikia kwato na viatu. Wageni! Walikuwa wamepata lori la mapema, na badala ya kuja moja kwa moja nyumbani, wazee wanne wakaketi kivulini nje ya lango, hatua kama kumi kutoka pale nilipo, na mbuzi wao wamewafunga kwa kichaka. Nilipaswa kutoka wakati huo huo, nikohoe, nisalimie, niende zangu. Lakini hebu fikiria, msichana mkubwa anatoka ndani ya rundo la mabua mbele ya wakwe wa dada yake ambao hajawahi kuwaona. Nikasema watapumzika kidogo, watapita, nitatoka.

"Tukae kidogo," alisema mjomba wa bwana harusi, mzee mrefu mwenye kofia na fimbo, Mzee Nzioka. "Mgeni haingii kwa watu na jasho."

"Hawa ndio wale wa ndege?" akauliza mwingine.

"Ndio hao. Mzee wa hapa ana daftari, anaita ndege majina kama mwalimu anaita watoto darasani. Kunguru! Yupo. Njiwa! Ni mgonjwa, mwalimu."

Wakacheka mpaka mmoja akapiga makofi. Mimi ndani nikaona joto limepanda mara mbili. Baba yangu huyo.

"Nyamazeni, hawa ni athoni," akasema baba yake Muthama, mzee mfupi mpole. Halafu akapunguza sauti (na kupunguza sauti karibu na mtu aliyejificha ni kumwongezea masikio). "Sikilizeni. Huyu mbuzi wa kahawia amekohoa njia nzima. Wakimkataa tutarudi naye mpaka Mbooni, na mimi sina mwingine. Nzioka, akikohoa na wewe ukohoe."

"Nikohoe?"

"Ukohoe kwa nguvu. Wafikiri ni wewe."

"Kwa hivyo leo mimi ni mbuzi."

"Leo wewe ni mbuzi."

Sasa mtu akishasikia hayo anatokaje? Nikabana pumzi, miguu imekufa. Wale wazee wakanyamaza, mmoja akaanza kusinzia. Na hapo, wasomaji, miaka ile yote ya kungoja, kwezi akashuka kwenye karai. Yeye mwenyewe. Mkia mrefu, tumbo la manjano, akatazama huku na huku, akainamisha kichwa akanywa.

"Hebu tazameni kale kandege," Mzee Nzioka akasema polepole. "Kamevaa kutushinda sisi."

Nikabonyeza. Kamera ile kuukuu ililia kama mtu anavunja kuni. Kwezi akaruka akapotea.

"Ni nini hicho?"

"Panya kwa mabua," mwenzake akasema na kuendelea kusinzia.

Lakini Mzee Nzioka alikuwa ameshasimama, na mara nikaona anakuja huku kwangu, akazunguka nyuma ya rundo, akaegemeza fimbo yake kwenye mabua juu ya kichwa changu, akatazama kulia, akatazama kushoto. Nikajua anatafuta mahali pa mtu kujisaidia. Kati ya aibu zote za dunia, hiyo nilikataa. Nikapiga kelele, "Hapana!" na nikatoka kwa upande wa mbele, gunia kichwani, mabua kwa nywele, mguu mmoja haufanyi kazi. Nikakanyaga karai, nikaanguka na tumbo, kamera ikapiga jiwe na mlango wake wa nyuma ukafunguka wazi kwenye jua.

"Aiya! Jini!" akalia yule aliyekuwa amesinzia.

Mbuzi walikata kamba. Wawili walikimbilia barabarani, na beberu, yule wa kuchinjwa, aliingia kwenye mbaazi za Baba na wazee wakamfuata na suti zao. Mama na wanawake wa kanisa waliposikia kelele wakajua wageni wamefika, wakatoka nje wakiimba wimbo wa kuwapokea, na walichokipokea ni baba yake Muthama akipita mbio viatu mkononi. Wimbo uliisha mmoja mmoja, mpaka akabaki mama mmoja mzee asiyeona vizuri, yeye aliendelea peke yake.

Wale wa barabarani walirudishwa, na beberu alishikwa baada ya muda mrefu. Kila mtu alikuwa anahema, hakuna aliyecheka. Wale wazee wakasimama pamoja langoni, hawataki kuingia. Mzee Nzioka hakunitazama.

"Tumekuja hapa kwa heshima," akamwambia Baba. "Tumewekewa mtu kwenye mabua kusikiliza siri zetu. Watu wanaotega masikio langoni, tutakuwaje athoni?"

Baba alikuwa amevaa koti lake la Jumapili. Akaanza kueleza habari za kibanda, za ndege, za daftari, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuonekana ni uongo, hata mimi niliyejua ni kweli nilisikia kama uongo. Mlangoni mwa jikoni Mwikali alikuwa amesimama na kibuyu cha uji mikononi. Hakulia. Alikuwa ananitazama tu, na naapa afadhali angekata yale masikio.

Baba akageuka. "Syombua. Ulisikia nini?"

Mimi ambaye huwa siwezi kusoma hata mstari mmoja kanisani. Nikiyasema yote, Baba atajua wanavyomcheka na mbuzi atakataliwa, na Mwikali atangoja mwaka mwingine, kama atangojewa. Nikisema sikusikia kitu, nani ataamini? Na kabla sijafungua mdomo, yule mbuzi wa kahawia akakohoa, kikohozi kirefu cha mzee wa tumbaku, na Mzee Nzioka, kwa hasira yake yote, akakumbuka kazi yake akakohoa kwa nguvu mpaka kofia ikaanguka.

Sikucheka. Hiyo hesabuni kwa upande wangu.

"Nilisikia mzee akisema," nikajibu, na sauti yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine, "mgeni haingii kwa watu na jasho."

"Na kingine?"

"Ni hilo tu, Baba. Halafu nilikuwa natazama ndege."

Baba yake Muthama alinitazama muda mrefu, kisha akamtazama mbuzi, kisha mimi tena. Alijua kwamba najua. Akainama akaokota kofia ya Mzee Nzioka, akaipangusa vumbi taratibu, akampa.

"Msichana huyu amelelewa," akasema. "Ana heshima. Tupeni maji tunawe, sasa jasho tunalo kweli."

Wakaingia. Mbuzi wakapokelewa wote watatu, beberu akachinjwa, Mwikali akawa mke wa watu. Mchana wote Mzee Nzioka alikohoa mpaka Mama akamchemshia majani ya mpera, na yeye akanywa vikombe viwili. Nami nilimhudumia chakula bila kuinua macho, nimechoka kama mtu aliyelima ekari nzima.

Picha hazikuwepo. Filamu iliingia jua, na yule wa studio mjini aliokoa chache tu za mwanzo, zile zilizokuwa ndani kabisa. Zote njiwa. Mwikali amebandika moja kwenye albamu yake, pale picha ya ntheo ilipopaswa kukaa, na mgeni akiuliza anasema, "Hawa ndio walioshuhudia." Amenisamehe, nadhani. Lakini kila nikienda kumtembelea Mbooni, Mzee Nzioka huzunguka nyumba kwanza na kugonga vichaka na fimbo ndipo akae.

Yule mbuzi wa kahawia bado tunaye, amezaa mara mbili na bado anakohoa. Baba husema, "Sijui hiki kikohozi alikipatia hapa kwetu wapi," na mimi naenda kuteka maji.

Nimeapa sitaingia tena kibandani siku ya wageni, na ukiwa umejificha mahali, hata kwa nia njema, ukasikia watu wanakuja, kohoa mapema. Dakika ya kwanza ni aibu ndogo. Ya pili imeshakuwa kesi.

Lakini kinachoniuma bado ni ule mstari wa penseli. Baba alinisikiliza nilipomwambia nimemwona kwezi, akafungua daftari, akashika kalamu, akauliza, "Na nani mwingine?" Mzee Nzioka alimwona, alisema mwenyewe kwamba amevaa kutushinda. Ila nitamuulizaje? Nilisema mbele ya watu wote kwamba nilisikia neno moja tu. Nikimuuliza juu ya ndege, nitakuwa nimesema nilisikia na yale mengine. Kwa hivyo nafasi imebaki tupu.

Basi ninyi mnaosoma, hasa mlio pande za Kitui na Makueni, akitua kwenu ndege wa buluu mwenye tumbo la manjano na mkia mrefu, niandikieni kupitia gazeti hili hili, mseme ilikuwa siku gani, alikuwa akifanya nini, na nani mwingine alimwona. Hamtakuwa mmemwona kwetu, najua, na Baba hataandika. Nataka tu kujua kwamba bado anakunywa maji mahali fulani. Mwandiko wenu ukiwa mbaya, msione haya. Nitausoma.