Jiko la Malkanthi na Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu

Kabla jua halijachomoza, kuni za mti wa mpira zinawaka moto nyuma ya shule ya wavulana ya Kikatoliki, hapa Ja-Ela, mji ulio karibu na Colombo. Malkanthi Kurera, mpishi wa shule, anakuna nazi. Jodari wamekwisha kukatwa.

Mkuu wa shule, Padri Anslem, anachungulia, anashika kichwa.

"Mama, samaki? Leo Mtakatifu Yosefu! Wavulana wanangoja kuku."

"Na Kwaresima je? Tangu lini Mkatoliki akala nyama Ijumaa?"

"Sikukuu kubwa ikiangukia Ijumaa, nyama ruhusa. Nilitangaza kanisani."

"Ulitangaza Misa ya pili, Padri. Mimi nasali ya kwanza, nikitoka hapo niko na masufuria yako."

Kosa hilo limekuja siku mbaya. Leo kamati ya wazazi inakula shuleni, kisha itaamua: jiko la Malkanthi libaki, au chakula kiwe kinaletwa na gari kutoka Colombo, kimefungwa kwenye maboksi.

Mshahara wake ni rupia elfu arobaini na tano kwa mwezi. Mumewe alipofariki, ndio uliowalea binti zake wawili. Hata hivyo hatetemeki.

"Chakula cha boksi? Hata paka wa shule atagoma," anasema, akiwapaka jodari pilipili manga na goraka, lile tunda chachu jeusi. "Kuku wa leo ataiva kesho. Niachie, Padri."

Mchana foleni inafika. Dilshan, nahodha wa kriketi, anafunua sufuria, anaguna.

"Shangazi! Yosefu alikuwa seremala, si mvuvi!"

"Na alikula alichopikiwa na mkewe, kimya. Kula kwanza, ubishe baadaye."

Dilshan anakula. Punde yuko tena mbele yake na sahani tupu.

"Sijashiba ubishi, shangazi. Niongezee."

Wenzake wanamzomea, lakini nao wamejipanga nyuma yake. Mwenyekiti wa kamati, Bi Roshini Peiris, anafuta mchuzi wa mwisho kwa vidole, kisha anamwita mpishi.

"Mama, jiko linabaki. Lakini moshi huu, tukuletee gesi?"

"Leteni, nitachemshia chai. Samaki ni wa kuni."

Malkanthi ana miaka hamsini na tisa, na kustaafu hakumo kichwani mwake.

"Nangoja Dilshan amlete mwanawe shule hii," anasema. "Nimpakulie mtoto, nimweleze baba yake alivyokuwa mbishi."